Vitufe Vingi, Skripti Moja: Zuia Tovuti Yako Isimdai Mteja Mara Mbili

Umewahi kubonyeza "Lipa" mara moja tu kwenye tovuti ya duka, halafu simu ikakuletea ombi la PIN mara mbili? Au labda wewe ndiwe mwenye duka, na mteja amekupigia akiwa amekasirika: "Mbona mmenikata mara mbili, na mimi nimenunua kitu kimoja?"

Hapo watu wengi hulaumu mtandao. Wengine husema mteja alikuwa na haraka, akabonyeza mara mbili. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna kasoro nyingine inayokaa kimya ndani ya ukurasa wenyewe, na haina uhusiano na mtandao wala kidole cha mteja: skripti ya malipo imewekwa kwenye ukurasa zaidi ya mara moja.

Kasoro hii si wizi, na si virusi. Ni mpangilio mbaya tu, na mara nyingi tiba yake haichukui hata siku nzima. Katika somo hili tutaona inatokea vipi, kwa nini mwenye duka anaweza kujaribu tovuti yake na asiione, na cha kumwambia fundi ili airekebishe. Kama wewe ni mnunuzi tu, usiondoke. Sehemu yako iko huko mwisho.

Tuelewane kwanza kwa maneno matatu

*Kipande* ni sehemu ya ukurasa iliyotengenezwa mara moja ili itumike tena na tena. Kadi ya bidhaa ni mfano mzuri: ina picha, bei na kitufe cha "Lipa". Fundi huiandika mara moja, kisha tovuti huirudia kwa kila bidhaa. Bidhaa tatu, kadi tatu.

*Kitufe* ni kile unachobonyeza. Chenyewe ni rangi na maandishi tu. Hakijui kutuma ombi la malipo.

*Skripti* ni maagizo ambayo brauza huyasoma na kuyatekeleza. Ndiyo inayokipa kitufe kazi: "Mtu akibonyeza hapa, tuma ombi kwenye simu yake." Tuseme skripti inakiwekea kitufe sikio. Mteja akibonyeza, sikio linasikia, na ombi linatumwa.

Shida huanza pale skripti inapowekwa ndani ya kipande. Kipande kikirudiwa mara tatu, skripti nayo inarudiwa mara tatu. Na brauza haiulizi, "Hii si nimeshaisoma?" Inaisoma tena na kuitekeleza tena, kila inapoikuta.

Matatu moja, makanga wawili

Fikiria umepanda matatu. Kanga wa kwanza anapita, unampa nauli. Dakika moja baadaye anakuja kanga wa pili wa gari lilelile, naye ananyoosha mkono. Yeye si mwizi. Anafanya kazi aliyotumwa, ila hajui kwamba mwenzake amepita. Abiria mwerevu atakataa. Abiria aliyeshughulika na simu au na mtoto atalipa tena.

Skripti iliyowekwa mara mbili iko hivyo. Kila nakala inafanya kazi yake sawasawa, na hakuna inayojua habari ya mwenzake. Ndiyo maana hutaona kitu chochote "kilichoharibika" kwenye ukurasa. Kila kitu kinafanya kazi, tena kupita kiasi.

Wengine huuliza: "Lakini brauza si huhifadhi faili ili isilipakue mara mbili?" Ni kweli. Brauza inaweza kulichukua faili kutoka kwa akiba yake badala ya kulitafuta tena kwenye intaneti. Lakini kupakua ni jambo moja na kutekeleza ni jambo jingine. Skripti ya kawaida ikitajwa mara tatu kwenye ukurasa, inaweza kupakuliwa mara moja tu na bado ikatekelezwa mara tatu.

Mfano: leso, kikoi na kiondo

Tuchukue duka dogo lenye bidhaa tatu kwenye ukurasa mmoja, kutoka juu kwenda chini: leso ya Sh800, kikoi cha Sh1,500 na kiondo cha Sh2,000. Fundi ametengeneza kadi ya bidhaa na ndani yake ameandika hivi:

    <button class="kitufe-lipa">Lipa</button>
    <script src="lipa.js"></script>

Ndani ya faili la lipa.js kuna maagizo rahisi: tafuta vitufe vyote vya "Lipa" vilivyopo kwenye ukurasa, na kila kimoja ukiwekee sikio.

Sasa tufuate brauza hatua kwa hatua. Inasoma ukurasa kutoka juu.

1. Inafika kwenye leso. Inaona kitufe, kisha skripti. Skripti inatafuta vitufe na kupata kimoja tu, kwa sababu sehemu ya chini ya ukurasa bado haijasomwa. Leso inapata sikio la kwanza.
2. Inafika kwenye kikoi. Skripti inatekelezwa tena. Safari hii inapata vitufe viwili. Leso inapata sikio la pili, kikoi kinapata la kwanza.
3. Inafika kwenye kiondo. Skripti inatekelezwa mara ya tatu na kupata vitufe vitatu. Leso sasa ina masikio matatu, kikoi mawili, kiondo moja.

Mteja akibonyeza "Lipa" kwenye leso mara moja, maombi matatu yanatumwa. Akiyakubali yote, leso ya Sh800 imemgharimu Sh2,400. Akinunua kikoi, maombi ni mawili, yaani Sh3,000 badala ya Sh1,500. Akinunua kiondo, ombi ni moja na kila kitu ni sawa kabisa.

Kama skripti imeandikwa isubiri ukurasa mzima usomwe kwanza, hali ni mbaya zaidi: nakala zote tatu zitavikuta vitufe vyote vitatu, na kila bidhaa itakuwa na masikio matatu.

Kwa nini hukuiona ulipojaribu

Angalia tena mfano huo. Siku ya kwanza tovuti ilipofunguliwa, pengine ilikuwa na bidhaa moja tu. Ulijaribu, ukalipa, ukapata meseji moja. Ukasema mambo yako sawa. Kasoro ilikuwepo tangu siku hiyo, lakini kwa bidhaa moja haionekani. Ilizaliwa ulipoongeza bidhaa ya pili, siku ambayo hakuna aliyegusa mfumo wa malipo.

Au pengine ulijaribu kwa bidhaa ya chini kabisa. Kwenye mfano wetu, kiondo hakina tatizo. Unaweza kukijaribu mara kumi na uape kwamba tovuti yako ni safi, huku wanunuzi wa leso wakilalamika.

Kwa hivyo mteja akikuambia amekatwa mara mbili, usimjibu haraka kwamba "kwetu inafanya kazi vizuri." Muulize kwanza alinunua nini, na kwenye ukurasa upi. Jibu lake linaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye tatizo.

Dalili zingine za skripti iliyorudiwa

Si lazima pesa zikatwe mara mbili. Mifumo mingine ya malipo hukataa ombi la pili iwapo la kwanza bado liko wazi kwenye simu ya mteja. Hiyo ni kinga nzuri, lakini huleta kioja chake: ombi la kwanza linapita, la pili linakataliwa, na ukurasa unaandika "Malipo hayakufaulu." Mteja anaamini ukurasa, anarudia kulipa, na safari hii inapita. Amelipa mara mbili, na mara zote mbili aliweka PIN kwa hiari yake.

Dalili nyingine za kuangalia:

- Ujumbe wa "Asante" unatokea mara mbili, au bidhaa moja inaingia kwenye kikapu kama mbili.
- Dirisha la malipo linafunguka na kujifunga papo hapo, kwa sababu nakala moja inalifungua na nyingine inalifunga.
- Picha za kuteleza au menyu zinaacha kufanya kazi baada ya kuongeza kipande kipya. Hii hutokea hasa maktaba kama jQuery ikiwekwa mara mbili: nakala ya pili huchukua nafasi ya ile ya kwanza, na nyongeza zilizokuwa zimeunganishwa na ile ya kwanza zinapotea.
- Kwenye konsoli ya brauza kuna ujumbe mwekundu unaosema kitu fulani kimeshatangazwa au jina limeshatumika. Huo ni ushahidi mzuri wa nakala ya pili.

Jinsi ya kukagua mwenyewe

Huhitaji kuwa programa. Unahitaji kompyuta na dakika tano.

Fungua ukurasa wa duka lako wenye bidhaa nyingi. Bonyeza Ctrl na U pamoja. Brauza kama Chrome na Firefox zitakuonyesha maandishi ya ndani ya ukurasa. Usiogope wingi wake. Sasa bonyeza Ctrl na F, kisha andika jina la faili la skripti ya malipo. Fundi au kampuni yako ya malipo itakuambia jina hilo. Brauza itakuonyesha limepatikana mara ngapi. Jibu zuri ni mara moja.

Angalia pia majina yanayofanana. Faili moja linaweza kuitwa kwa njia mbili, mfano lipa.js?v=1 mahali fulani na lipa.js?v=2 mahali pengine. Kwa jicho letu ni kitu kimoja. Kwa brauza ni anwani mbili tofauti.

Ukaguzi huu una mpaka wake: skripti nyingine huongezwa baadaye na skripti zingine, kwa hivyo hazionekani hapo. Ndiyo maana lazima ufanye pia jaribio la mkono. Weka bei ya chini kabisa kwenye bidhaa tatu za majaribio katika ukurasa mmoja. Bonyeza ya juu, hesabu maombi yanayofika kwenye simu. Ghairi. Fanya hivyo kwa ya katikati, kisha ya chini. Kila mara inapaswa kuwa ombi moja, si zaidi. Katika kumbukumbu za seva fundi ataona hesabu kamili, pamoja na maombi yaliyokataliwa kabla ya kufika kwenye simu.

Tahadhari moja: mtu usiyemjua akikutumia msimbo na kukuambia uubandike kwenye konsoli ya brauza "ili kukagua", kataa. Hiyo ni njia inayotumiwa na matapeli kuingia kwenye akaunti za watu.

Tiba ya kwanza: tenganisha kitufe na skripti

Hii ndiyo tiba kubwa, na zingine zote zinaisaidia. Kipande kibaki na kitufe tu. Skripti iwekwe kwenye kiolezo kikuu cha tovuti, yaani ile sehemu inayozunguka kila ukurasa, na iwekwe mara moja. Vitufe vinaweza kuwa mia. Skripti ni moja.

Ukipewa msimbo wa kubandika, usome kabla ya kuurudia. Mara nyingi una sehemu mbili: mstari wa skripti na mstari wa kitufe. Ukinakili zote mbili kwa kila bidhaa, umejitengenezea tatizo kwa mkono wako. Mstari wa skripti mara moja kwa ukurasa, mstari wa kitufe kwa kila bidhaa.

Tiba ya pili: uachie mfumo kazi ya kuhesabu

Mifumo mingi ya kutengeneza tovuti ina njia yake ya kusema "weka hii mara moja tu." Fundi aitumie badala ya kubandika skripti kwa mkono.

- WordPress: kuna kazi inayoitwa wp_enqueue_script. Kila skripti hupewa jina lake la usajili. Vipande kumi vikiomba skripti yenye jina lilelile, WordPress huiandika mara moja tu. Lakini plagini mbili zikisajili faili lilelile kwa majina mawili tofauti, zitaandikwa zote mbili. Kwa hivyo usiweke plagini mbili za malipo zinazofanya kazi moja.
- Laravel: kuna agizo la @once, ambalo huhakikisha sehemu fulani ya kiolezo inaandikwa mara moja hata kipande kikirudiwa.
- ASP.NET Web Forms: RegisterClientScriptInclude husajili skripti kwa ufunguo. Ufunguo uleule wa aina ileile ukirudiwa, skripti hairudiwi.
- PHP ya kawaida: kuna include_once na require_once, lakini hapa pana mtego. Ukitumia include_once kuleta faili lenye kitufe na skripti pamoja, utapata kitufe cha kwanza tu na bidhaa zingine zitabaki bila kitufe. Faili la kitufe liletwe kwa include ya kawaida, mara nyingi kadiri unavyotaka. Faili la skripti ndilo liletwe kwa include_once.

Kuna pia njia ya brauza yenyewe. Skripti ikitajwa kwa aina ya moduli, yaani type="module", brauza hutekeleza kila anwani mara moja tu kwa ukurasa, hata ikitajwa mara tatu. Pia husubiri ukurasa usomwe wote kwanza, kwa hivyo itavikuta vitufe vyote. Kumbuka tu mambo mawili: anwani lazima iwe ileile herufi kwa herufi, na skripti iandikwe kwenye faili lake. Moduli iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa hutekelezwa kila inaporudiwa.

Tiba ya tatu: skripti ijikinge yenyewe

Hata ukiwa mwangalifu, siku moja mtu mwingine ataongeza plagini au kipande kipya. Kwa hivyo skripti nzuri hujiuliza kabla ya kuanza kazi: "Kuna mwenzangu ameshafika?" Kama yupo, inatulia.

    if (!window.lipaImeanza) {
      window.lipaImeanza = true;
      document.addEventListener('click', function (tukio) {
        var kitufe = tukio.target.closest('.kitufe-lipa');
        if (!kitufe || kitufe.disabled) return;
        kitufe.disabled = true;
        tumaOmbi(kitufe.dataset.oda);
      });
    }

Mistari miwili ya kwanza ndiyo bendera: nakala ya kwanza inaipandisha, ya pili ikiiona inaondoka. Lakini bendera peke yake inaweza kuleta tatizo jingine. Rudi kwenye mfano wa leso. Nakala ya kwanza ilikikuta kitufe kimoja tu. Kama inaweka sikio kwenye kila kitufe, na nakala zingine zimezuiwa na bendera, basi kikoi na kiondo vitabaki viziwi. Mteja atabonyeza na hakuna kitakachotokea.

Ndiyo maana hapo juu sikio limewekwa kwenye ukurasa mzima, si kwenye kitufe kimoja kimoja. Sikio moja linasikia kila mbonyezo, kisha linauliza: "Umetoka kwenye kitufe cha Lipa?" Hata kitufe kilichoongezwa baadaye kitasikika.

Skripti hiyo pia inazima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza, ili mteja mwenye haraka asitume ombi la pili. Fundi akumbuke kukiwasha tena iwapo ombi limeshindwa. Na tuseme wazi: kuzima kitufe bila kuuliza kwanza kama kimeshazimwa hakutibu skripti iliyorudiwa. Masikio yote husikia mbonyezo mmoja uleule. La pili halingoji mteja abonyeze tena.

Tiba ya nne: seva iseme neno la mwisho

Kila tulichosema mpaka hapa kinafanyika kwenye brauza ya mteja, na brauza haiwezi kuachiwa ulinzi wa pesa. Mteja anaweza kufungua ukurasa mara mbili. Mtandao unaweza kukatika, naye akarudia. Mlinzi wa mwisho ni seva yako.

Kanuni ni hii: oda moja, nambari moja, ombi moja lililo wazi. Nambari ya oda itengenezwe kabla ya mteja kubonyeza "Lipa". Ikitengenezwa wakati wa kubonyeza, kila sikio litapata nambari yake, na seva itadhani kuna oda tatu za watu watatu.

Tena haitoshi seva kuuliza, "Oda hii imelipwa?" Maombi mawili yakifika karibu kwa wakati mmoja, yote yataambiwa "bado," na yote yatapita. Seva iandike ombi kwenye hifadhidata kwanza, na hifadhidata yenyewe ikatae nambari ya oda ileile kuandikwa mara mbili. Ombi la kwanza linaandikwa na kutumwa. La pili linakataliwa kabla halijagusa simu ya mteja. Ombi likishindwa kabisa au muda wake ukiisha, ndipo njia ifunguliwe tena.

Pesa zilizokwisha kuingia mara mbili

Ukigundua kasoro hii, kuitibu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudi nyuma. Chukua taarifa ya malipo ya biashara yako na utafute malipo mawili au zaidi yenye nambari ya simu ileile, kiasi kilekile, na muda uliokaribiana. Kisha linganisha na oda. Malipo mawili kwa oda moja, hilo ni deni lako kwa mteja. Malipo mawili kwa oda mbili, huenda kweli alinunua leso mbili. Mpigie umuulize.

Usingoje alalamike. Kuna mteja ambaye hakuona meseji ya pili, na kuna aliyeiona akanyamaza na kuhamia duka jingine. Ukimpigia wewe na kumrudishia Sh800 zake bila kusumbuliwa, umeokoa jina la biashara.

Kama wewe ni mnunuzi

- Ombi la PIN likija, soma jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka chochote.
- Ombi la pili likija kwa malipo yaleyale, lighairi. Ngoja meseji ya kuthibitisha malipo ya kwanza.
- Ukurasa ukisema malipo hayakufaulu, usirudie papo hapo. Angalia meseji na salio lako kwanza. Meseji rasmi na salio ndivyo vya kuaminika kuliko maandishi ya ukurasa.
- Ukiwa umekatwa mara mbili, utakuwa na meseji mbili zenye nambari tofauti za muamala. Zihifadhi zote mbili na umpe muuzaji nambari hizo. Asipokujibu, pigia huduma kwa wateja kupitia nambari rasmi.
- Hakuna anayehitaji PIN yako ili akurudishie pesa. Anayeiomba ni tapeli.

Ujumbe wa kumtumia fundi

Kama mambo ya msimbo si yako, nakili maneno haya umtumie fundi wako:

"Habari ya kazi, fundi. Naomba unikagulie kama skripti ya malipo imewekwa zaidi ya mara moja kwenye kurasa zenye bidhaa nyingi. Kama imo ndani ya kadi ya bidhaa, itoe na uiweke mara moja kwenye kiolezo kikuu. Pia hakikisha nambari ya oda inatengenezwa kabla ya mteja kubonyeza Lipa, na seva inakataa ombi la pili la oda ileile. Ukimaliza tutajaribu pamoja kwa bidhaa ya juu, ya katikati na ya chini. Asante."

Fundi anayejua kazi yake ataelewa kila sentensi. Akikuambia si muhimu kwa sababu "inafanya kazi," mwonyeshe hesabu ya leso.

Ya kukumbuka

Kila unapoongeza bidhaa, plagini au kipande kipya kwenye tovuti, rudia jaribio la maombi: juu, katikati, chini. Waswahili walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye ukurasa wa malipo, nahodha awe mmoja. Una ukurasa wenye bidhaa zaidi ya moja? Ufungue leo, bonyeza Ctrl na U, uhesabu.